Chungu kimesafishwa, mchuzi je?

Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Pwani. Aliniomba nisilitaje jina lake wala kijiji chake, nami nitatii. Mama huyu ana binti aliye mwaka wa mwisho katika chuo kikuu, anayesomea kemia. Karo ya binti imekwisha kula ng'ombe wawili na kipande cha shamba la minazi. Likizo iliyopita binti alirudi nyumbani, akapumzika siku mbili, na ya tatu akachukua ngazi, akapanda mwarobaini ulio nyuma ya nyumba na kuanza kukata matawi. Majani akayaosha, akayaanika kivulini, akayatwanga katika kinu cha nyanyake hata akajaza mifuko miwili. Mamake alipomuuliza ni ya nini, akajibu kuwa ni ya utafiti. Ati anatengeneza semikondakta.

"Majirani wananicheka," mama anaandika. "Wanasema nimeuza ng'ombe ili mwanangu akasomee uganga ambao nyanyake angemfundisha bure."

Hayo ya majirani ningeweza kuyaacha. Lililonifanya nishike kalamu ni aya ya mwisho ya barua. Binti alimweleza mamake kwamba unga atakaoupata hula uchafu ulio majini ukiwekwa juani. Sasa, mjukuu mdogo wa mama huyu amekuwa akiharisha mara kwa mara, na maji yao hutoka katika kisima kifupi. Mama anauliza: maadamu unga wenyewe umetokana na mwarobaini, mti ambao yeye ameunywa tangu utotoni, kuna ubaya gani akitia kijiko kimoja katika mtungi wa maji ya kunywa?

Mama, tafadhali usitie. Nitakueleza kwa nini, na pia nitakueleza ni wapi majirani zako wamekosea, maana wamekosea sana.

Kwanza neno lenyewe. Shaba hupitisha umeme wakati wote. Glasi haipitishi. Kati ya hizo mbili kuna vitu ambavyo hukaa kimya mpaka vichokozwe, ama kwa joto ama kwa mwanga, ndipo umeme upate kutembea ndani yake. Hivyo ndivyo vinavyoitwa semikondakta. Silikoni iliyo katika paneli ya sola juu ya paa ni mojawapo. Lakini huna haja ya kupanda juu ya paa. Ile losheni ya rangi ya waridi tunayowapaka watoto wenye tetekuwanga au harara ina oksidi ya zinki ndani yake, nayo ni semikondakta. Rangi nyeupe ya ukutani, weupe wake hutokana na oksidi ya titaniamu, nayo pia ni ya ukoo huo. Madini ya titaniamu ndiyo yaliyokuwa yakichimbwa kule Kwale tangu mwaka 2013 hadi kazi hiyo ilipofikia kikomo Desemba 2024. Kwa hivyo, mama, semikondakta zimekuwa nyumbani mwako miaka mingi kabla binti hajazaliwa.

Zinaitikiaje mwanga? Mwale wenye nguvu ya kutosha ukiipiga chembe ya oksidi ya zinki, elektroni moja huruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Mara nyingi elektroni hurudi katika pengo lile upesi na yote yakaishia kuwa joto kidogo. Lakini ikiwa elektroni na pengo vitawahi kufika kwenye uso wa chembe kabla ya kurudiana, mambo hubadilika. Elektroni hurukia oksijeni iliyo majini, na pengo huyanyang'anya maji elektroni yake. Hapo huzaliwa vitu vikali mno, vyenye maisha mafupi kuliko kufumba na kufumbua, ambavyo hurarua karibu kila kitu chenye asili ya uhai: mafuta, rangi ya kitambaa, ngozi nyembamba ya bakteria.

Umewahi kuegemea ukuta wa nje uliopakwa rangi miaka mingi iliyopita, ukaondoka na unga mweupe mgongoni? Sehemu ya lawama ni ya kazi hiyo. Jua likiwaka, titaniamu hula taratibu gundi ile ile inayoishikilia ukutani. Ndiyo sababu viwanda vya rangi huzivika chembe zake koti jembamba la madini mengine.

Wajapani ndio walioigeuza kero hii kuwa manufaa. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda walichapisha habari za jinsi oksidi ya titaniamu, ikimulikwa, inavyoweza kuyagawa maji yakawa hidrojeni na oksijeni. Mwaka 1985 Tadashi Matsunaga na wenzake wakaonyesha kwamba oksidi hiyo iliyoongezwa platinamu huua vijidudu ikiwa chini ya mwanga. Mwaka 2001 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ikaanza kuuza vioo vya dirisha vyenye ngozi nyembamba ya titaniamu, vioo ambavyo jua huulegeza uchafu wake na mvua ikaja kuukosha. Kazi ya binti yako imo katika mkondo huo, mama. Si uganga.

Sasa kwa nini unga uwe mdogo kiasi cha kutoonekana? Kwa sababu kazi yote hufanyika kwenye uso wa chembe. Kitunguu kizima kikitupwa mchuzini hakikolezi kama kilichokatwakatwa. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita 80,000 hivi. Ukiisaga gramu moja ya oksidi ya zinki hadi kila chembe iwe na upana wa nanomita 20, nyuso za chembe zote zikijumlishwa hupita mita mraba 50. Hiyo ni sakafu ya nyumba ndogo nzima, ndani ya kitu kisichojaa ncha ya kijiko.

Tatizo ni jinsi ya kuzipata chembe hizo. Hapa ndipo wanakemia walipochafua mikono, na hapa ndipo mwarobaini unapoingia.

Niruhusu nikupeleke Marekani kidogo, kwa sababu kisa cha huko ndicho kinachoonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wanafunzi wake wawili, katika chuo cha MIT, walitangaza njia ya kutengeneza chembe za kadimiamu na seleniamu zenye ukubwa unaolingana. Chembe hizi ni za ajabu. Ukizimulika, zile ndogo hutoa mwanga wa buluu, kubwa kidogo hutoa kijani, kubwa zaidi nyekundu, ilhali zote zimetokana na kitu kimoja. Mwaka 2023 Bawendi alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Louis Brus na Alexei Ekimov, waliozigundua tabia hizo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini upishi wenyewe ulikuwa wa kutisha. Kadimiamu ilitiwa ikiwa katika umbo la kimiminika chenye sumu kali, tena kinachoweza kushika moto chenyewe kikiguswa na hewa, na kilidungwa kwa sindano ndani ya kiyeyusho chenye joto la nyuzi 300 hivi. Huo si upishi wa kumwachia mwanafunzi asiye na vifaa.

Mwaka 2001 Xiaogang Peng na mwenzake, katika jimbo la Arkansas, wakaonyesha kwamba kimiminika kile si cha lazima. Oksidi ya kawaida ya kadimiamu yatosha. Na mwaka 2006 watafiti wa Munich, Ujerumani, wakazipika chembe hizo hizo ndani ya mafuta ya zeituni. Naam, mafuta ya zeituni, yale yanayotiwa kwenye saladi.

Ukisoma haraka utashangilia. Jiko la wanakemia limesafishwa! Ni kweli limesafishwa, na mimi siwezi kulibeza jambo hilo, kwani aliyesimama mbele ya jiko ni mtoto wa mtu. Lakini funua chungu uangalie ndani. Kilichomo ni kadimiamu. Mafuta ya zeituni hayakuiondoa wala kuipunguza sumu yake. Kadimiamu huharibu figo na kudhoofisha mifupa. Katika mkoa wa Toyama, Japani, maji taka ya mgodi yaliipeleka kadimiamu katika mto Jinzu na kutoka huko hadi mashamba ya mpunga, na wanawake wengi walivunjika mifupa kwa kukohoa tu. Serikali ya Japani ilikiri chanzo cha ugonjwa huo mwaka 1968. Mtu akikuambia kwamba chembe zake ni rafiki wa mazingira kwa kuwa amezipika kwa mafuta ya saladi, muulize: umesafisha chungu, mchuzi je?

Wamarekani Paul Anastas na John Warner, waliochapisha kanuni 12 za kemia isiyochafua mwaka 1998, hawakusahau jambo hilo. Kanuni zao hazizungumzii chungu peke yake. Mojawapo inataka kitu kinachotengenezwa chenyewe kisiwe na sumu, na nyingine inataka kikishamaliza kazi kivunjike, kisibaki mazingirani. Ajabu ni kwamba watu wengi wanaozitaja kanuni hizo huishia kwenye chungu.

Turudi chini ya mwarobaini. Kwa kawaida, mwanafunzi anayetaka chembe za oksidi ya zinki huyeyusha chumvi ya zinki majini, kisha hutia soda ya kuunguza, ile inayochubua mikono, pamoja na dawa za viwandani za kuzuia chembe zisigandamane. Binti yako anachemsha majani badala ya dawa hizo. Ndani ya majani mna vitu kama vile vinavyofanya chai kali ikaushe ulimi. Vitu hivyo huishika zinki, huizunguka na kuizuia isirundikane. Maji ni maji ya kawaida. Mabaki ya majani hutupwa shambani, na hayamdhuru kuku. Hapo majirani wako wameshindwa kesi: nyanya aliyajua majani kwa faida ya tumbo, na mjukuu anayatumia kwa kazi ambayo nyanya hakuihitaji. Kinu ni kimoja, elimu ni mbili.

Hata hivyo, mama, sikiliza hatua inayofuata. Ule uji wa majani na zinki hukaushwa, kisha mara nyingi hutiwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 400 hivi. Katika joto hilo majani yote huwa moshi. Kinachobaki ni oksidi ya zinki. Mwarobaini umefanya kazi ya mbao anazozipiga fundi kabla ya kumwaga zege. Zege likishakauka, mbao hubanduliwa. Huwezi kuilala nyumba ukasema umelala juu ya mbao. Vivyo hivyo, unga huo haustahili kuitwa mwarobaini hata kama jina la mti limeandikwa kwenye kichwa cha ripoti. Ni zinki. Imani yako ya tangu utoto ni kwa jani, na jani halimo tena.

Nami ningependa kunung'unika kidogo, kwani ukurasa huu ni wangu. Ripoti za namna hii zimekuwa nyingi mno: leo mwarobaini, kesho mpera, kesho kutwa maganda ya ndizi. Nyingi huanza na naitreti ya zinki, chumvi ambayo ikichomwa hutoa gesi ya kahawia inayokereketa mapafu. Nyingi hukaa tanurini saa kadhaa, na umeme wa tanuri hauhesabiwi. Kisha unga hujaribiwa katika bika moja ya maji safi yaliyotiwa rangi ya buluu ya maabara, rangi ikififia, makofi yanapigwa. Maji ya kisima chenye udongo na mkojo wa mbuzi hayafanani na bika hiyo. Isitoshe, majani ya msimu wa mvua si sawa na ya kiangazi, na mti wa mchangani si sawa na wa udongo mweusi. Asiyeandika siku na mti alikochuma hataweza kuurudia upishi wake mwenyewe. Natumaini binti ameandika.

Basi tufike kwenye kijiko chako. Kwanza, mtungi. Kama ni wa udongo, ndani ni giza. Kama ni wa plastiki ya manjano, mwanga unaoingia ni hafifu, na miale inayohitajika haipiti vizuri. Oksidi ya zinki haichokozwi na mwanga wowote. Inataka miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana na inayobabua ngozi, na hata katika jua kali la Pwani miale hiyo ni kama asilimia 5 tu ya nguvu ya jua. Gizani unga huo hautendi kazi hii ya mwanga hata kidogo. Ungewapa watu wako madini, na vijidudu vikaendelea na maisha yao.

Pili, kipimo. Najua umesikia kwamba watoto wanaoharisha hupewa zinki hospitalini. Ni kweli. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza vidonge vya zinki pamoja na maji ya chumvi na sukari ya pakiti: miligramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 10 hadi 14, na nusu yake kwa mtoto asiyetimiza miezi sita. Lakini hiyo ni dawa iliyopimwa. Kijiko cha unga wa binti, hata kikiwa na gramu moja tu, kina takriban miligramu 800 za zinki, yaani dozi ya siku 40 kwa kipimo hicho. Tena hautachanganyika sawasawa mtungini. Utatuama chini, na atakayepata zaidi ni yule atakayekunywa mwisho. Zinki ikizidi huleta kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo, mambo ambayo mtoto wako tayari anayo ya kutosha. Na asidi ya tumboni huyeyusha oksidi hiyo bila shida.

Tatu, unga wa aina hii hautakiwi kuachwa majini. Samaki na wadudu wa majini huathirika na zinki kwa kiasi kidogo tu. Ndiyo maana watafiti makini hujaribu kuzigandisha chembe kwenye glasi au mchanga, ili maji yapite na chembe zibaki. Hilo ndilo swali ambalo ningemwomba binti alijibu katika ripoti yake kabla ya kuandika neno "rafiki wa mazingira": unga ukishafanya kazi, anautoaje majini, na unakwenda wapi?

Kwa sasa, mama, unalo jua lenyewe, bila unga. Katika miaka ya 1980 Aftim Acra na wenzake mjini Beirut walionyesha kuwa maji yaliyo katika chombo kinachopitisha mwanga husafishwa vijidudu na jua peke yake. Jambo hilo lilijaribiwa hapa kwetu Kenya, miongoni mwa watoto wa Kimaasai, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996: waliokunywa maji yaliyoanikwa juani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Chukua chupa safi za plastiki zisizo na rangi, za lita moja au mbili, zisizokwaruzwa. Ziondoe karatasi. Maji yakiwa na tope, yaache yatuame kisha uyachuje kwa kitambaa. Simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti hili na utazame kupitia mdomo wake hadi chini. Ukiweza kukisoma kichwa cha makala haya, maji yanafaa. Zilaze juu ya mabati kuanzia asubuhi, kwa muda wa saa sita. Kukiwa na mawingu mengi, ziache siku mbili. Wanywe moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Njia hii haiondoi chumvi wala kemikali. Na siku za mvua za mfululizo, chemsha au tumia dawa ya klorini ya dukani.

Mjukuu naye apelekwe kituo cha afya juma hili. Kuharisha kwa mara kwa mara si jambo la kungojea ripoti ya chuo kikuu. Ukiona choo kina damu, au mtoto amelegea na macho yameingia ndani, usingoje hata kesho.

Halafu kuna kinu cha nyanya. Majani matupu hayana neno. Kioshe na mtwange mahindi yenu. Lakini chumvi ya zinki isiingie katika kinu hicho wala katika sufuria ya nyumbani, hata binti akikuomba mara moja tu kwa sababu ana haraka. Hiyo ibaki maabarani, na binti avae glavu.